Bucha la asiyeswali, Ngamiani: nyota nne, na ya tano nimeibania makusudi

Kuna bucha moja hapa Tanga, Ngamiani, huku kwenye barabara za namba za juu, halina jina. Ukutani kaandika NYAMA kwa rangi nyekundu basi, hata kichwa cha ng'ombe hajachora. Ukipotea uliza bucha la yule asiyeswali, mtoto yeyote atakupeleka. Nanunua pale huu mwaka wa pili, kilo 8 kila siku Mungu akijaalia, maana nauza supu na chapati asubuhi, kwahiyo haya sio maneno ya mtu aliyepita mara moja akachukua nusu ya mchuzi akaenda zake. Nampa nyota nne. Ya tano ntaeleza huko mbele kwanini nimeikunja mfukoni.

Mi Muislamu, niseme mapema tuelewane. Naswali, nafunga, mapungufu yangu ninayo. Na mara ya kwanza kuambiwa kuna mtu anauza nyama afu haamini Mungu, sio Mkristo, sio wa mizimu, haamini kabisa yaani hamna kitu, nilisema astaghfirullah, mtu kama huyo si atakuuzia hata punda. Ndo tulivyolelewa bana, asiyemuogopa Mungu atamuogopa nani.

Sasa nilifikaje kwake.

Kabla yake nilikuwa na bucha langu jingine, silitaji wala mtaa sitaji. Miaka mitatu nanunua pale. Bucha zuri, vigae vyeupe, ukutani Ayatul Kursiy kwenye fremu ya dhahabu, asubuhi ukifika redio inasoma Qur'ani, mwenyewe ana alama ya sijda kwenye paji la uso, salamu yake tu unajisikia umebarikiwa. Nyama nzuri, siwezi kumsingizia. Ila hesabu yangu ya supu ikawa haikai. Kilo 8 mi natoa bakuli 60, nakata vipande kwa mkono wangu najua kipande changu kinavyokaa, lakini zikawa zinagoma kwenye 53, 54. Nikasema labda nakata vikubwa. Nikapunguza, wateja wakaanza kulalamika dada vipi supu ya siku hizi ni ya kuchungulia. Nikamshuku binti anayenisaidia. Nilimsema yule mtoto maneno ambayo mpaka leo nikikumbuka naona aibu, nikamwambia nyama inaondoka kwenye mkoba wako, akalia, akasema mama mi hata nyama sili, na ni kweli hali, ana vidonda vya tumbo.

Basi nikanunua mizani ya jikoni, ile ya kidijitali, 25,000. Siku ya kwanza kilo 7 na gramu 100. Siku ya pili 7 na 50. Ya tatu 7 na 150, hiyo nahisi alikuwa na furaha. Siku ya nne nikasimama karibu nikaangalia mkono wake, sio uso. Anafanya hivi: nyama anaitupia, haiweki, anaitupia kwa nguvu, mshale unaruka unapita kwenye kilo, anasema "kilo hiyo dada" na kabla mshale haujatulia keshaibeba keshaiviringisha kwenye karatasi. Afu mshale wenyewe ukitulia bila kitu hauko kwenye sifuri, uko mbele kidogo, upana wa ukucha. Hapo juu yake Ayatul Kursiy inamwangalia.

Madrasa tulihifadhishwa Suratul Mutaffifin tukiwa wadogo hata tafsiri hatujui, ole wao wapunjao, wakipimiwa wao wanataka kamili, wakipima wao wanapunguza. Sura nzima inaanza na watu wa mizani! Na watu wa Nabii Shuaib kule Madyan, kwenye kosa lao kubwa vipimo vilikuwemo. Yule bwana hizi anazijua kuliko mimi, yeye ndo anasomesha watoto wake jioni. Nilipomwambia kaka mbona kilo yako haifiki akaniapia. Wallahi. Nikamwangalia nikasema haya.

Ila nisimdhulumu. Mama yangu alipofariki mtu huyohuyo alileta mguu mzima wa ng'ombe kwenye hitma, hakuniambia kitu, kaushusha kwa bodaboda machozi yanamtoka, kaondoka. Na kila Ijumaa mafukara wakipita mbele ya bucha lake hakuna anayeondoka mkono mtupu, kila mmoja mia tano, wengine anawafungia na vipande. Nimeshuhudia kwa macho yangu miaka mitatu. Hapo ndo nilipochanganyikiwa, maana nikisema ni mnafiki moyo wangu unakataa, machozi ya msibani yalikuwa ya kweli. Baadaye nikakaa nikapiga hesabu, gramu 900 kwa siku kwa miaka mitatu, nikaona ule mguu nilishaulipia siku nyingi, na miguu mingine ya watu wengine pia.

Haya, kwa asiyeswali.

Siku ya kwanza nilienda kwa shingo upande, mvua ya masika, nikiwa na mizani yangu ndani ya mkoba kama polisi. Cha kwanza nilichokiona mizani yake kaigeuza namba zinaangalia mteja, yeye ndo anachungulia kwa pembeni. Cha pili stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka ule, sio ile iliyofifia ya mwaka wa jana. Cha tatu ndo kilinishangaza, anaweka kwanza mfuko mtupu juu ya mizani. Mnajua tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 tunatumia hii mifuko mbadala, ina uzito wake, ukipimiwa ndani yake umenunua mfuko kwa bei ya steki. Yeye anauweka mtupu, anabonyeza inarudi sifuri, ndo anaanza kuweka nyama, anaiweka taratibu anaondoa mkono anasubiri namba itulie. Anasubiri kweli. Foleni inanung'unika yeye anasubiri.

Nikatoa mizani yangu palepale, sikuwa na aibu. Kilo 8 na gramu 30. Akacheka akasema dada hiyo yako ndo mbovu, akachomoa chini ya meza jiwe la kilo, lile la chuma la zamani, limekaa jeusi linang'aa kwa kushikwa, akaweka kwenye mizani yake ikasoma kilo moja, akaweka kwenye yangu ikasoma zaidi kidogo. Kwahiyo hata yule bwana wa kwanza nilikuwa namhesabia vizuri kuliko haki yake! Jiwe lilikuwa la bibi yake, aliuza mchele na maharage sokoni miaka na miaka. Kila mteja mpya anaruhusiwa kuliweka mwenyewe.

Nyama yenyewe: steki laini, anaondoa mishipa bila kuambiwa, mchanganyiko wake kweli ni mchanganyiko sio mifupa iliyovalishwa nyama. Maini mazuri ukiwahi. Nyama ya kusaga anasaga mbele yako unachagua kipande mwenyewe, ila ile mashine inapiga kelele kama paka wanagombana, aibadilishe. Bei 11,000, wengine wote barabara ile 11,000, hana punguzo hata umlilie.

Sasa suala la halali maana najua mnasubiri hapo. Nilimuuliza siku ya pili tu, kaka nyama hii nani anachinja. Hakukasirika. Akasema inatoka machinjioni, imechinjwa na Muislamu, muhuri huu hapa, akaigeuza paja nikaona muhuri, akasema ukitaka twende alfajiri ukaone kwa macho, na siku ambayo sitakuwa na uhakika ntakuambia usinunue. Afu akasema kitu nimekiweka kichwani: "Mimi dada hata nikichinja kuku nyumbani kwangu usile. Akichinja Mkristo au Myahudi mnabishana wenyewe kama inalika, mimi hata kwenye ubishani simo."

Nikasema huyu kajifunza wapi. Kumbe alisoma seminari huko milimani Usambara, alikuwa anaelekea upadri, akatoka. Kwanini alitoka kila mtu mtaani ana hadithi yake, yeye anasema alisoma mpaka mwisho akaona haamini, basi, asingeweza kusimama mbele ya watu akasema asichokiamini. Biblia anaijua kichwani, akiona mtu anachezea mizani anakutajia Mithali 11 mstari wa kwanza, mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, anacheka, anasema maneno mazuri hayo hata kama simjui aliyeyatuma.

Nampelekea habari zake ustadhi mmoja anayekula supu kwangu kila asubuhi, mtu mzima, msomi, nikamuuliza nyama ya asiyeamini vipi. Akaniambia mwanangu angalia aliyechinja na ukipata yakini tosheka, aliyepima mwangalie mizani yake. Basi nikatulia.

Idd ya kuchinja mwaka jana ndo nilimuelewa zaidi. Jirani mmoja kaburuta mbuzi wake mpaka bucha, mchinjaji aliyemuahidi hajatokea, jua linapanda, akamwambia we una visu vikali malizana naye tu hapa nani atajua. Kwa maneno hayo, nani atajua. Yule bwana akaweka kisu mezani akasema mi siwezi, hii ni ibada yako sio yangu, ukila nilichochinja mimi utakuwa umekula kitu ambacho wewe mwenyewe unajua hakifai. Akavua aproni, akafunga bucha siku yenye wateja kuliko zote, akatembea na jua lile mpaka kwa kijana wa muadhini akamleta. Kisu kampa kikali kakiosha. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo pale nje nasubiri zamu yangu, niliona mwanzo mwisho. Muislamu ndo alikuwa anataka kurahisisha na asiyeamini ndo anakataa.

Siku nyingine nikamuuliza, unapata wapi haya mambo kama huko juu kwako hamna mtu. Akasema bibi. Bibi alikuwa anamwambia ukipunguza hapa kuna mtoto mahali anakula kidogo leo, na humjui, na hajui, ila sahani yake inajua. Nikamuuliza bibi yako alikuwa anasali? Akasema rozari kila usiku. Nikamwambia basi kaka unakula mtaji wa bibi, yeye alichuma kwa Mungu we unatumia. Bahati nzuri ile siku alikuwa hana la kujibu, akakata mbavu kama dakika mbili bila kuongea, afu akasema "inawezekana dada, ila mtaji huu mbona wajukuu tuko wanane na wanaosali ndo walioumaliza". Tukacheka.

Ugomvi mkubwa ulikuwa mezani kwangu lakini. Jumapili moja alikuja kunywa supu, ya nyama yake mwenyewe na kalipa, akamkuta ustadhi, na mpwa wangu yupo likizo kutoka chuo. Mimi napuliza moto huku nasikiliza, kwahiyo nitakayoandika kuna mengine yameungua.

Mpwa ndo alianza, akasema kwa Tanzania hata huwezi kujua wasioamini wako wangapi, sensa zetu baada ya 1967 haziulizi dini, ila Kenya 2019 waliuliza na watu 755,750 walijiandikisha hawana dini. Na wana chama chao, kilisajiliwa 2016 mwaka huohuo serikali ikasimamisha usajili kwa hoja ya amani na utulivu, baadaye wakarudishiwa. Ustadhi akasema chama cha kutoamini mnakutana mnafanya nini, mnaimba nini? Mwenye bucha akasema mi sio mwanachama wa chochote hata saccos.

Afu akatupa swali lake la seminari, la Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: jambo ni jema kwasababu Mungu kaliamuru, au Mungu kaliamuru kwasababu ni jema? Akasema ukijibu la kwanza basi angeamuru kupunja kungekuwa kwema, ukijibu la pili basi wema ulikuwepo tayari, hata mi naweza kuuona. Akajifuta mdomo kama kashinda kesi.

Ustadhi hata hakuacha kijiko. Akasema kijana hilo swali sisi tumelila zamani. Kina Mu'tazila, wanazuoni wa Kiislamu kule Basra, walisema akili ya mtu inajua uzuri na ubaya hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, na Abul Hasan al-Ash'ari alikuwa mwanafunzi wao hukohuko mpaka alipofika miaka kama 40 akawaacha, akasema hapana, zuri ni alilolisema Mungu zuri. Wamebishana karne na karne kwa Kiarabu kizuri, we unaniletea Mgiriki kwenye supu. Jamani nilicheka mpaka chapati ikaungua. Akaendelea, kila mtu anazaliwa na fitra, lile umbile safi alilopewa na Mungu, wewe unaipima kilo sawa kwasababu fitra yako haijafa, unafikiri ni yako kumbe umepewa. Mwenye bucha akamwambia shehe hapo umenifungia pande zote, nikifanya vizuri ni Mungu, nikiharibu ni mimi. Ustadhi akasema ndio hivyohivyo.

Halafu mwenye bucha akagusa pabaya kidogo, akasema Mtume wenu Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu, kabla hajashushiwa hata aya moja, watu wanaweka amana kwake, kwahiyo uaminifu ulitangulia. Meza ikanyamaza. Nikasema leo wateja wangu watapigana. Ustadhi akaweka kijiko sasa. Akasema hilo umesema kweli na usiliseme kwa kushindana, lile lilikuwa ni malezi ya Mola wake. Na kwa heshima mwenye bucha akasema samahani mzee wangu. Basi supu ikaendelea.

Wahadzabe nao wakaingizwa, wale wa Ziwa Eyasi. Mwenye bucha akasema wale hawana kanisa wala msikiti, hawana mungu wa kuwahesabia madhambi kama wetu, na mtu akiua mnyama nyama inagawiwa kambi nzima, mwenye mshale halimbikizi. Mpwa akafungua simu yake, akasema tena hao, 2016 watafiti walitoa matokeo ya jamii nane duniani na Wahadzabe wamo, watu wanachezeshwa kugawa sarafu kwa siri, na waliosema mungu wao anaona na anaadhibu ndo walimgawia kwa haki zaidi mtu wa imani yao anayekaa mbali hata hawamjui. Na Wahadzabe haohao wana nyama ya epeme, vipande fulani wanakula wanaume wazima tu wanaoruhusiwa. Ustadhi akasema umeona, hata porini bucha lina sheria.

Mpwa yule ana mambo. Akaleta na ya Newcastle, Uingereza, 2006, ofisini kuna chai na kahawa unajiwekea hela mwenyewe kwenye kiboksi, wiki wakibandika picha ya macho ya mtu watu wanalipa karibu mara tatu kuliko wiki ya picha ya maua. Picha tu! Nikasema kutoka jikoni mbona bucha langu la zamani macho yalikuwa ukutani kwenye fremu ya dhahabu na nikapunjwa hivyohivyo. Hakuna aliyenijibu. Mtu akizoea fremu nadhani inakuwa fremu.

Ila aliposema ya Marrakesh ndo nikaacha kabisa kupuliza moto. 2015, wenye maduka wa mji wa kale kule Moroko, waliulizwa wachague hela wachukue wao au ziende sadaka. Waliokuwa wanaulizwa adhana ikisikika walitoa sana. Waliokuwa wanaulizwa muda mwingine, wenzao wa soko lilelile, wanapungua. Adhana ikishaisha kitambo kidogo na moyo umerudi sokoni.

Nikamuona yule bwana wangu wa kwanza mzimamzima. Ijumaa, adhana inasikika, mkono unafunguka, mia tano mia tano. Jumamosi saa moja asubuhi hakuna adhana, kuna mimi na kilo zangu 8.

Na hapa ndo nyota ya tano ilipobaki.

Yule asiyeswali hatoi. Ijumaa anafunga bucha saa sita na nusu, sio kwa heshima, anasema wateja wote mko msikitini nikae nipigane na nzi? Anafungua saa nane. Mafukara wakipita kabla ya hapo anawasalimia vizuri, shikamoo mzee, shikamoo bibi, lakini hatoi hata mia. Nimemuona akimwambia bibi mmoja kikongwe kabisa "bibi leo sina" na droo imejaa. Nilimsema. Nikamwambia kaka we vipi, akasema mi simpunji mtu dada, kila mtu akipata haki yake kamili kungekuwa na mafukara? Nikamwambia labda, ila bibi ana njaa leo, haki yako itamfikia lini. Akasema kugawa mia mia ni kununua usingizi. Nikakasirika kweli, nikanunua siku mbili kwa mwingine, nikarudi maana kilo yangu haikufika.

Kila Ijumaa mwisho wa hotuba khatibu anasoma ile aya, Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu na ihsani na kuwapa jamaa. Nimeisikia kwenye spika tangu utoto, sikuwahi kusikia kama ni vitu viwili mpaka nilipokuwa na mabucha mawili. Mmoja ana ihsani mkono wazi, uadilifu hana. Mwingine uadilifu mpaka wa mfuko mtupu, ihsani kapungukiwa. Na dini ya yule haikumpa vyote na kukosa dini kwa huyu hakukumnyima vyote. Mpaka leo nikiwa nakata vitunguu nabishana mwenyewe, labda kila kimoja kina mlango wake, mwingine unafunguliwa na adhana mwingine na bibi mwenye jiwe la kilo, sijui, ustadhi anasema nisome zaidi.

Mengine madogo ya kumpunguzia: ana mdomo. Kuna mama kaja na chupa ya maji ya upako akamuuliza unakaangia hayo? Mama wa watu kaondoka bila kununua. Nilimwambia nyama ya wateja wako umeilinda mpaka kisu cha Idd, mbona moyo wa yule mama umeukanyaga, akakiri, kesho yake akampelekea mfupa wa supu na salamu. Hakopeshi, na namaanisha hakopeshi, daftari hana. Haleti nyumbani. Umeme ukikatika muda mrefu anauza kwa bei ya kutupa na anakuambia ni kwanini, wengine wangenyamaza, lakini generator anunue bana, kila siku analia hasara.

Na kuhusu yale ya mafukara tumefikia hapa: mi kila Alhamisi namuachia 2,000 yangu, sadaka, nikamwambia kwasababu we hutoi basi nitolee. Akakubali. Nilidhani atazipa tu wa kwanza wawili. Jumamosi ya kwanza akaniletea karatasi ya kufungia nyama, kaandika kwa kalamu: wazee 6, mia tatu tatu, 1,800. Chenji 200. Na mia mbili zenyewe kazibandika na selotepu. Juzi juzi karatasi ilisoma wazee 9 mia tatu tatu, 2,700, nikamwambia mbona inazidi niliyokupa, akasema amekosea hesabu. Mtu wa mizani yule. Sikuuliza tena.

Mkienda nendeni kabla ya saa moja, bebeni mfuko wenu. Ukimkuta na ustadhi agiza kwanza kabla hawajaanza, wakianza kisu kinasimama. Utumbo saa mbili umeisha.